Kumbukumbu za daktari au za aliyefungwa bila kosa: uanze na kitabu gani?

Vitabu vya aina hizi mbili huuzwa kwenye rafu moja, na nyuma ya majalada yao hukosi maneno yale yale: ujasiri, matumaini, machozi. Ndiyo maana watu hununua kisichowafaa wakakiacha katikati. Mada haisaidii sana kuchagua. Kinachosaidia ni kuuliza kuhusu kosa: nani alikosea, nani aliumia, na kati yao nani ameshika kalamu.

Daktari anayeandika kumbukumbu zake yumo ndani ya taasisi yenye nguvu. Makosa anayosimulia mara nyingi ni yake au ya wenzake, na aliyeumia ni mgonjwa ambaye kitabuni hana sauti. Aliyefungwa bila kosa yuko ng'ambo ya pili: waliokosea ni polisi, shahidi, mtaalamu au wakili, aliyeumia ni yeye, na kalamu ni yake. Tofauti nyingine zote zinatoka hapo, kuanzia namna majina yanavyotajwa mpaka namna msomaji anavyoweza kuhakiki alichosoma.

Upande wa madaktari

Ukitaka kosa la daktari lisemwe bila kufunikwa, chukua *Do No Harm* cha Henry Marsh (2014), bingwa wa upasuaji wa ubongo jijini London. Sura zake zina majina ya magonjwa na hali za mwili, na maana fupi mwanzoni kama ya kamusi, kisha kisa. Mpangilio huo una faida: unasoma sura moja usiku, unakaa wiki mbili, unarudi hujapotea. Iliyo nzito kuliko zote inahusu uvimbe mkubwa alioupasua kwa saa nyingi mno. Angeweza kubakiza kipande, lakini alitaka kuumaliza wote, akachana mshipa unaopeleka damu kwenye shina la ubongo. Mgonjwa hakuzinduka. Miaka kadhaa baadaye Marsh anamkuta katika nyumba wanakotunzwa watu wasiojitambua, na haombi huruma ya msomaji. Kinachochosha ni malalamiko yake juu ya utawala wa hospitali za Uingereza, nywila za kompyuta na vikao. Kurasa hizo zirukwe tu.

*This Is Going to Hurt* cha Adam Kay (2017) ni shajara ya miaka 2004 hadi 2010, nyingi ikiwa ya wodi za uzazi. Maandishi ni mafupi, mengine mistari mitatu, na maneno ya kitabibu yamefafanuliwa chini ya ukurasa. Kwa msomaji wa kwenye daladala ambaye hajawahi kugusa kitabu cha tiba, hiki ndicho rahisi kuliko vyote hapa. Ila ucheshi wake ni wa viungo vya siri na damu, na una mtego. Kuelekea mwisho kuna upasuaji wa uzazi ambapo kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini kwenye mlango wa mfuko wa uzazi, na hakuna aliyelibaini mapema. Mtoto alifariki, mama akaondolewa kizazi, na Kay akaacha udaktari. Jalada linachekesha, lakini usimzawadie mtu aliyepoteza ujauzito karibuni.

Maarufu kuliko hivyo ni *When Breath Becomes Air* cha Paul Kalanithi, kilichotoka Januari 2016, miezi kumi baada ya kifo cha mwandishi. Alikuwa akikaribia kumaliza mafunzo ya upasuaji wa ubongo Stanford alipogundulika na saratani ya mapafu Mei 2013, naye hakuwa mvutaji sigara. Kabla ya udaktari alisoma fasihi ya Kiingereza, na inaonekana: anajibishana na washairi na wanafalsafa zaidi ya anavyoeleza dawa. Kitabu hakikukamilika. Sehemu ya mwisho imeandikwa na mke wake Lucy, na kwa maoni yetu ndiyo iliyonyooka zaidi. Ni kifupi, hakifiki kurasa 250, lakini Kiingereza chake ni kigumu kuliko cha Kay. Anayetaka kujua kazi ya daktari ilivyo siku hadi siku hatashiba humu. Anayemuuguza mtu nyumbani atakielewa haraka kuliko wanafunzi wa udaktari wanaokinunua kwa wingi.

Kipo cha nne ambacho msomaji wa Afrika Mashariki anakipita bila kukijua: *My Own Country* cha Abraham Verghese (1994). Mwandishi alizaliwa Ethiopia kwa wazazi wa Kihindi, akaanza udaktari Addis Ababa, akakatizwa na mapinduzi, akamalizia India. Mwaka 1985 alikuwa Johnson City, mji mdogo wa Tennessee, Marekani, akitibu magonjwa ya kuambukiza, wagonjwa wa UKIMWI walipoanza kufika. Dawa za kufubaza virusi hazikuwapo. AZT yenyewe iliidhinishwa 1987. Unyanyapaa, familia inayoficha jina la ugonjwa, kijana anayerudi kijijini kwao kufa: aliyeiishi miaka hiyo Bukoba au Kisumu hahitaji kuelezwa. Ni kirefu, na taratibu zake zitamshinda mwenye haraka.

Upande wa waliofungwa

Kwa kitabu cha kwanza, *The Sun Does Shine* cha Anthony Ray Hinton (2018) ndicho tunachokipendekeza, na si kwa sababu kinaliza. Kinaonyesha kwa urahisi jinsi kesi inavyoharibika hatua kwa hatua. Hinton alikamatwa Alabama mwaka 1985, akiwa na umri wa miaka 29, akikata nyasi nyumbani kwa mama yake. Wasimamizi wawili wa migahawa walikuwa wameuawa na wa tatu akajeruhiwa. Wakati wa tukio hilo la tatu Hinton alikuwa kazini, ndani ya ghala lililofungwa. Kilichomtia hatiani ni bastola ya mama yake: wataalamu wa serikali walisema risasi sita za matukio yote matatu zilitoka humo.

Hapa ndipo penye somo. Wakili aliyepangiwa na mahakama aliamini sheria inaruhusu dola 1,000 tu za kumlipa mtaalamu wa upande wa utetezi. Sheria hiyo ilikuwa imeshabadilishwa. Angeweza kuomba zaidi, hakuangalia. Kwa pesa hiyo akampata mhandisi mwenye jicho moja linaloona, ambaye hadubini ya kulinganishia risasi ilimsumbua, na mwendesha mashtaka akamgeuza kichekesho mbele ya juri. Hinton akahukumiwa kifo. Ilichukua hadi Februari 2014 kwa Mahakama ya Juu ya Marekani kusema, majaji wote kwa kauli moja, kwamba kutojua sheria kwa wakili yule kulikuwa chini ya kiwango. Wataalamu wa serikali walipopima tena hawakuweza kuzihusisha risasi na bastola ile. Alitoka tarehe 3 Aprili 2015, baada ya karibu miaka 30. Wenzake 54 waliuawa na serikali akiwa humo.

Kati ya kuingia na kutoka kuna miaka mitatu ambayo hakusema na wafungwa wenzake, kisha klabu ya vitabu aliyomshawishi mkuu wa gereza kuiruhusu, iliyoanza na riwaya ya James Baldwin. Rafiki yake Lester Bailey hakuacha kumtembelea miaka yote hiyo. Wapo wasomaji wanaokerwa na sura za ndoto, anapokunywa chai na Malkia wa Uingereza au kumuoa Halle Berry. Zisirukwe. Bila hizo huwezi kuelewa mtu anakaaje miaka yote hiyo katika chumba kidogo cha gereza bila akili kumtoka.

*Getting Life* cha Michael Morton (2014) ni cha anayependa ushahidi kuliko hisia. Mke wake aliuawa Texas Agosti 1986. Yeye akafungwa maisha Februari 1987. Mtoto wao wa miaka mitatu alikuwa amemweleza bibi yake kwamba aliyefanya vile ni "zimwi" na kwamba baba hakuwepo nyumbani. Maandishi ya mazungumzo hayo yalikuwa mikononi mwa serikali, na utetezi haukupewa. Kitambaa chenye damu kilichookotwa karibu na nyumba kilikaa miaka bila kupimwa vinasaba kwa sababu waendesha mashtaka waliipinga maombi ya kupima. Kilipopimwa, kikamtaja mtu mwingine. Morton alitoka Oktoba 2011. Mwendesha mashtaka wake, aliyekuwa ameshapanda kuwa jaji, alihukumiwa siku 10 jela mwaka 2013. Linganisha na miaka 25.

*Picking Cotton* (2009) kina sauti mbili, ya Jennifer Thompson-Cannino aliyebakwa 1984 North Carolina na ya Ronald Cotton aliyefungwa zaidi ya miaka kumi kwa kosa hilo kabla vinasaba havijamsafisha 1995. Cha kuangalia humo ni gwaride la utambulisho. Thompson alimchagua Cotton kwanza kwenye picha, kisha kwenye mstari wa watu, na Cotton ndiye pekee aliyekuwa katika vyote viwili. Alichokitambua mara ya pili ilikuwa sura aliyoiona kwenye picha. Alipoletewa mbakaji halisi mahakamani miaka mitatu baadaye, hakumtambua. Kati ya vyote vilivyotajwa hapa, hiki pekee kinawapa kalamu wote wawili, aliyekosea na aliyeumia. Kwa sababu hiyo ndicho kinachokaribia zaidi vitabu vya madaktari, na ndicho kizuri kwa majadiliano. Tahadhari ni ubakaji wenyewe, unaoelezwa wazi mwanzoni.

Neno dogo kuhusu "bila hatia". Si kila kitabu cha rafu hii kina mtu aliyesafishwa na mahakama. Albert Woodfox, mwandishi wa *Solitary* (2019), alikaa zaidi ya miaka 40 katika kifungo cha upweke Louisiana. Alitoka Februari 2016 baada ya kukubali kutopinga shtaka dogo zaidi, huku akishikilia kwamba hakuua. Damien Echols, wa *Life After Death* (2012), alitoka 2011 kwa makubaliano ya aina hiyo pia. Vitabu vyenyewe ni vizuri mno, cha Woodfox hasa, lakini anayetafuta hadithi inayoishia kwa hakimu kusema "tulikosea" ataondoka na njaa.

Kalanithi na Hinton, ana kwa ana

Wengi wanaouliza wachague kipi wako kati ya hivi viwili. Linganisha muda. Kalanithi alikuwa na miezi 22 tangu kugundulika hadi kifo chake Machi 2015, na kila ukurasa unaijua hesabu hiyo. Anaamua arudi chumba cha upasuaji au aandike, wazae mtoto au wasizae. Binti yao alizaliwa Julai 2014. Swali lake ni la kugawa muda uliobaki. Hinton ana tatizo la kinyume: muda umejaa, hauishi, na hakuna uamuzi wowote anaoruhusiwa kuufanya nje ya kichwa chake. Kifo kwake kina kiti cha umeme na tarehe anayopangiwa na mtu mwingine.

Matokeo yake ni kwamba Kalanithi anasomeka kwa mikao miwili na kukuacha kimya, huku Hinton akihitaji wiki nzima na kukuacha na hasira. Mwenye msiba mbichi wa saratani asubiri kwanza kabla ya Kalanithi. Mwenye ndugu rumande anaweza kuanza Hinton leo, lakini asichukue mambo ya rufaa za Alabama akadhani ndivyo kesi zinavyokwenda Dar es Salaam au Nairobi.

Ukweli wake utaupimaje?

Daktari analazimika kubadilisha majina, umri, pengine hata jinsia ya mgonjwa ili kulinda siri. Kwa hiyo huwezi kumhakiki. Unamwamini au humwamini. Mfungwa anafanya kinyume: anataja tarehe, majina na mahakama, kwa kuwa usalama wake uko kwenye kuthibitishwa. Hukumu ya Hinton ya 2014 ni fupi, iko wazi kwa umma, na ukiisoma sambamba na kitabu utaona vinapatana kuhusu ile dola 1,000. Pasipohakikika ni kwenye mazungumzo. Hinton aliandika pamoja na Lara Love Hardin, na maneno yaliyosemwa gerezani 1988 hayakurekodiwa na yeyote. Yachukue kama kumbukumbu.

Kinachodanganya zaidi ni kile kilichoachwa. Anne Spoerry, daktari aliyeruka na ndege za shirika la afya la AMREF kutibu vijiji vya Kenya tangu miaka ya 1960, hadi kisiwani Lamu, aliandika kumbukumbu zilizotoka kwa Kiingereza 1996 kama *They Call Me Mama Daktari*. Wakati wa vita alikuwa mfungwa katika kambi ya Wanazi ya Ravensbrück, na wafungwa wenzake walimtuhumu baadaye kwamba alishiriki kuwatesa wagonjwa humo. Tuhuma hizo hutazikuta kwenye kitabu chake. Zilichambuliwa na John Heminway katika *In Full Flight* (2018), Spoerry akiwa ameshafariki 1999. Wagonjwa aliowatibu Kenya walitibiwa kweli. Ukimsoma yeye, soma na Heminway.

Daktari anapokuwa shahidi

Rafu hizi mbili hukutana kizimbani. Katika kesi ya Morton, daktari wa uchunguzi wa maiti alikadiria saa ya kifo kwa kuangalia chakula tumboni, njia isiyotosha kupanga saa kwa uhakika, na makadirio hayo yakaangukia muda ambao mume alikuwa bado nyumbani.

Mfano mkubwa zaidi ni Uingereza. Mwaka 1999 Sally Clark alihukumiwa kwa kuua wanawe wawili wachanga, na daktari wa watoto Roy Meadow akaiambia mahakama kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla katika familia kama ile ni 1 kati ya milioni 73. Alichukua 1 kati ya 8,543 akaizidisha yenyewe kwa yenyewe. Hesabu hiyo ni halali ikiwa tu vifo havihusiani. Ndani ya familia moja, watoto wana damu moja, nyumba moja na hewa moja. Tena hata namba ingekuwa sahihi, isingekuwa kipimo cha hatia, maana mama kuua watoto wawili nako ni nadra sana. Clark aliachiwa Januari 2003, baada pia ya kujulikana kwamba majibu ya maabara yaliyoonyesha bakteria kwa mtoto wa pili hayakuwa yametolewa. Kumbukumbu za aina hii zilizoandikwa na mama mwenyewe ni za Angela Cannings, *Against All Odds* (2006). Alifungwa Aprili 2002, akaachiwa Desemba 2003, naye shahidi dhidi yake akiwa Meadow yule yule. Mwanafunzi wa udaktari mwenye nafasi ya kitabu kimoja mwaka huu tungempa hicho, si Kalanithi.

Kwa anayetaka kusoma kwa Kiswahili

Vyote vya hapo juu ni vya Kiingereza. Kwa Kiswahili, kipo kitabu kimoja cha jela ambacho hakina mpinzani: *Sauti ya Dhiki* (1973) ya Abdilatif Abdalla, mashairi aliyoyatunga akitumikia kifungo cha miaka 3 nchini Kenya kwa sababu ya waraka wa *Kenya: Twendapi?* wa 1968. Lakini kiweke mahali pake. Abdilatif hakusingiziwa, waraka aliuandika kweli, na "Siwati" ni shairi la mtu anayesema hataacha. Dhuluma iko kwenye sheria iliyomfunga. Usimtafutie vinasaba wala shahidi mwongo. Lugha ni Kimvita, lahaja ya Mombasa, na msomaji wa bara atahitaji orodha ya maana za maneno pembeni. Asome kwa sauti, vina vitamwongoza. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyewekwa kizuizini Kamiti kuanzia siku ya mwisho ya 1977 hadi Desemba 1978, yeye hakupelekwa mahakamani kabisa. *Detained* (1981) chake, kwa Kiingereza, kina siasa nyingi kuliko maisha ya selo. Anayetaka mtu atafute kwa Abdilatif, anayetaka hoja kwa Ngũgĩ.

Kabla ya kulipa

Ukikishika kitabu cha daktari, tafuta ukurasa wa mgonjwa ambaye hakupona. Angalia kama mwandishi anasema "nilichana mshipa" au "mshipa ulichanika". Wa kwanza nunua. Wa pili rudisha rafuni.

Cha mfungwa, fungua sura inayofuata baada ya lango la gereza. Kikiishia langoni, nusu ngumu imeachwa. Cha Hinton hakiishii hapo. Siku anayotoka, akiwa ndani ya gari la Lester, sauti ya mwanamke inaanza kuwaelekeza njia, naye anageuka kumtafuta huyo mwanamke aliyejificha nyuma.